Jinsi ya Kumfundisha Mtoto Boga Bila Kuchafua Soksi

Kabla ya mbegu, udongo na maji, somo la boga linahitaji rangi ya chungwa. Nunua manila, nunua kalamu za rangi, kisha simamia kila mtoto wa darasa la awali achore boga la mviringo lenye mistari iliyonyooka, alipake rangi ya chungwa bila kutoka nje ya mstari. Picha hiyo tumeipata kwenye vitabu vya Marekani na Uingereza, ambako boga la aina hiyo huchongwa macho na meno mwishoni mwa Oktoba, likawashiwa mshumaa tumboni. Boga linaloshushwa kwenye malori pale soko la Mabibo, Dar es Salaam, ni la kijani, au la kijivu, au la kijani chenye mabaka meupe, na mara nyingi limebonyea upande mmoja kwa kulalia jiwe huko shambani. Uchungwa wake uko ndani. Akitokea mtoto aliyepaka kijani kwa kuwa ndivyo alivyoliona jikoni kwa bibi yake, mwandikie "Rudia". Mtoto akianza kuamini macho yake tangu ana miaka mitano, huko mbele atasumbua wengi.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa chekechea, na wa mzazi wa mjini ambaye Jumapili, saa nne kasoro robo usiku, amekuta ujumbe kwenye grupu la wazazi: mada ya mwezi ni "Kutoka Mbegu Hadi Boga", kila mtoto aje kesho asubuhi na kopo, udongo, mbegu na shilingi 5,000. Ya nini hiyo 5,000, hakuna anayeuliza. Mzazi wa Njombe au Kasulu hahitaji mwongozo. Kule mtoto wa miaka minne ameshatumwa majani ya maboga mara nyingi, anajua lipi la kuchuma na lipi la kuacha, wala hakuna aliyempiga picha. Nyumbani kwako pia yuko mtu wa namna hiyo: dada wa kazi, aliyekulia katikati ya maboga, anayeweza kumaliza mada yote asubuhi moja huku akiosha vyombo. Usimuulize. Fungua YouTube.

Mbegu zinapatikana kwa njia mbili. Njia ya heshima ni duka la pembejeo, ambako utauziwa pakiti yenye picha nzuri na risiti. Mbegu za pakiti mara nyingi zimepakwa dawa ya ukungu, ndiyo maana zina rangi ya waridi au ya kijani, rangi ambazo mtoto anazifahamu kutoka kwenye pipi. Kwa hiyo somo la kwanza kabisa la kilimo liwe kutokuweka kitu mdomoni na kunawa mikono. Njia isiyo na heshima ni kupasua boga lililokomaa, kuchota mbegu, kuziosha ule utelezi na kuzianika kivulini siku chache. Njia hii haina risiti. Halafu mtoto anaingiza mkono ndani ya boga mpaka karibu na kiwiko, anazigusa zile nyuzi za baridi, anapiga kelele kwa furaha, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Isitoshe, mbegu zilizoanikwa asubuhi huwa pungufu jioni. Kuna mtu atakuwa amezipitisha kwenye kikaango na chumvi.

Ukishazitoa mbegu, jiandae kwa swali. Mbegu inatoka kwenye boga, boga linatoka kwenye mbegu, sasa la kwanza kabisa lilitoka wapi? Walimu wengi hujibu "kwa Mungu" na kufuta ubao. Wewe mjibu: Amerika. Si mzaha. Maboga ni wageni huku kwetu. Watu wa Meksiko waliyalima tangu zamani sana. Mbegu zake zilizofukuliwa katika pango la Guilá Naquitz, kule Oaxaca, zina umri wa takriban miaka 10,000. Afrika yalifika baada ya meli za Wazungu kuanza kuvuka Atlantiki mwishoni mwa karne ya 15. Katika ukoo huo mmoja wa wenyeji wa bara letu ni kibuyu, ambaye hata hivyo hakuna shule inayompangia mwezi wake. Mtoto atauliza kama boga lilikuja kwa ndege. Mwambie meli. Atauliza nani alikuwa dereva. Mpe karatasi achore meli, nawe utapata dakika 20 za kunywa chai.

Sasa kuotesha. Wengi wetu tulioteshewa harage kwenye pamba iliyolowa, na boga nalo linakubali. Kuna njia bora zaidi, naitaja kwa shingo upande kwa sababu inamfanya mwalimu aonekane hana kazi. Chukua glasi ya kioo, izungushie tishu iliyolowa kwa ndani, penyeza mbegu kati ya tishu na kioo, uiweke mahali penye joto. Kwa hali ya hewa ya Dar mbegu hupasuka ndani ya wiki moja hivi. Mzizi hutokea kwenye ncha iliyochongoka, na hata kama mtoto aliipachika mbegu kichwa chini, mzizi hujipinda wenyewe ukashuka. Kisha sogeza jicho karibu, pale shina linapokutana na mzizi. Kuna kinundu kidogo, kigingi, kinacholibana ganda la mbegu kwa chini lisiondoke, huku shina lililojikunja likivuta majani mawili ya mwanzo yatoke, kama mtu anavyovua kiatu kwa kukanyaga kisigino kwa mguu wa pili. Kigingi kikikosa shabaha, mche huibuka na ganda kichwani, na darasa zima litacheka mpaka kengele ya uji.

Jambo hilo huonekana kwa siku moja au mbili tu. Kama nia yako ni mtoto asilione, hesabu siku vizuri ili liangukie Jumamosi.

Kwa wale waliopanda kwenye kopo la udongo, tatizo ni jingine. Kila asubuhi watafukua kuangalia kama imeota. Mwalimu mkali hugomba, mwalimu mjuzi hupanda mbegu za ziada kwa ajili ya kufukuliwa, moja ya Jumatatu, moja ya Jumanne, hadi wiki iishe, na ile ya kukua anaificha nyuma ya kabati. Msiwacheke watoto. Miradi mingi ya watu wazima nayo hufukuliwa kila ugeni ukija, ikaguliwe kama inaota, kisha tukashangaa kwa nini imekauka.

Mche ukishatoka, wafundishe kuwa yale majani mawili ya mwanzo, manene na laini, si majani yenyewe hasa. Ni chakula cha akiba kilichokuwa ndani ya mbegu. Jani la tatu ndilo la boga, lenye vinyweleo vinavyowasha kidogo. Mtoto ataligusa kwa shavu, atalalamika, ataligusa tena.

Inayofuata ni ardhi, na hapa ndipo shule yako itakapokuangusha. Uwanja wote umesakafiwa kwa vitofali mpaka getini, na pale kwenye bembea kumetandikwa nyasi za plastiki ambazo mzazi hulipia kwenye ada. Udongo uliobaki uko nyuma ya tangi la maji, karibu na chumba cha mlinzi. Hapo chimba mashimo, weka samadi iliyooza vizuri, changanya. Mazungumzo yatakayofuata ni haya, yajue mapema.

"Ticha, hii nini?"

"Mbolea."

"Mbolea nini?"

"Chakula cha mmea."

"Kinatoka wapi?"

"Kwa ng'ombe."

"Wapi kwa ng'ombe?"

Piga kengele.

Kila mtoto atataka shina lake. Fanya hesabu kabla hujaahidi. Boga hutambaa, linataka nafasi kama meta 2 kwa 2; watoto 30 kwa nafasi hiyo ni meta za mraba 120, karibu theluthi ya kiwanja cha meta 20 kwa 20, na shule haikujengwa kwa ajili ya kulima. Panda mashina matatu. Watoto watayapa majina ndani ya dakika tano, na yatakuwa majina ya wachezaji wa mpira. Usishangae Yanga na Simba zikianza kumwagiliwa kwa zamu na kwa chuki.

Soksi, kwa taarifa yako, zitakuwa zimeshaharibika hapa.

Mvua za masika zikikolea, shina litatambaa kuliko ulivyopanga. Litatoa vikono vyembamba, vikajizungusha kwenye waya wa uzio, kwenye bomba, kwenye mguu wa bembea, na kila fundo likigusa udongo mbichi litaongeza mizizi mingine hapohapo. Mwalimu wa usafi atataka kulinyanyua alinyooshe lifuate ukuta, lisionekane la hovyo wakaguzi wakija. Akilinyanyua ataing'oa ile mizizi ya pembeni. Mwachie afanye, watoto wajifunze mapema kazi za kamati.

Halafu utafika Jumatatu ukute ncha zote zimekatwa. Watoto watalia, watasema mbuzi. Si mbuzi, ni mpishi wa shule. Hana kosa: majani machanga ya maboga yaliyopikwa na karanga za kusaga au tui la nazi hayawezi kukaa uani wiki nzima mtu anayapita tu. Mwombe radhi kwa kuwa hukumkaribisha mapema, na umwombe afundishe yeye. Atakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, atashika jani kwa kikonyo, atavunja ncha kidogo kwa ukucha, kisha avute. Uzi mwembamba wa ngozi utashuka wote pamoja na vinyweleo, ufike mpaka mgongoni mwa jani. Anageuza, anavuta mwingine. Kila mtoto atataka jani lake. Shule yako imenunua kutoka ng'ambo vifaa vya mbao vya kuzoeza vidole vya mtoto kushika penseli; majani ya maboga yanafanya kazi hiyohiyo na mwishoni yanaliwa na ugali.

Vikonyo vilivyobaki, tafadhali, tupa harakaharaka kabla mlinzi hajapita. Kikonyo cha jani la boga kiko wazi ndani. Mlinzi aliyewahi kuchunga ng'ombe anajua kukata kimoja, kuchana mpasuo mdogo upande ulioziba, na kupuliza. Sauti yake ni nzito na haina adabu. Baada ya nusu saa utakuwa na matarumbeta 30, na chumba cha mkuu wa shule kina dirisha upande uleule.

Sasa tumefika kwenye maua, na hapa naomba mwalimu afunge mlango. Boga hutoa maua makubwa ya njano ya namna mbili kwenye shina moja. Yanayotangulia, kwa wiki moja au zaidi, huwa madume matupu, yamesimama kwenye vikonyo virefu vyembamba. Watoto watahesabu maua kumi, watagawana maboga kumi, na maua yote kumi yataanguka. Baadaye huja maua jike, yenye vikonyo vifupi, na chini ya kila ua kuna kiboga kidogo kilichokwisha umbika, ukubwa wa gololi, hata kabla ua halijafunguka. Tofauti hiyo mtoto huiona kabla yako.

"Ticha, mbona hili lina mtoto?"

"Hilo ni jike."

"Na hili?"

"Dume."

"Wameoana?"

Usikimbie. Wahenga wamekuwekea methali ya kujifichia: ukipenda boga, penda na ua lake. Hawakusema ua lipi, nao walikuwa na sababu zao. Itamke polepole kwa sauti ya busara, watoto watanyamaza kwa sekunde kadhaa wakidhani wamejibiwa.

Ukitaka kujibu kweli, ni rahisi kuliko unavyoogopa. Ua dume lina chavua, ule unga wa njano. Unga huo ni mzito na unanata, upepo hauubebi. Lazima mtu aupeleke. Mtu huyo ni nyuki. Anaingia kwenye ua dume, anatoka amepakaa unga mwili mzima, anaingia kwenye ua jike, unga unabaki, na kile kiboga kinapata ruhusa ya kuendelea kukua. Bila unga wa kutosha hukauka, au hukua kimepinda. Ndani ya boga kila mbegu yenye kokwa imetokana na chembe moja ya ule unga. Ndiyo maana nyuki hana budi kurudi mara nyingi. Mtoto wa miaka mitano anaelewa haya yote bila kushtuka. Anayeshtuka ni mzazi atakayepiga simu saa mbili usiku kuuliza shule inafundisha nini.

Kuna ugumu wa ratiba. Ua la boga hufunguka alfajiri, na kabla ya adhuhuri limeshajifunga. Halifunguki tena maisha yake yote. Kipindi cha sayansi kiko saa tano. Kwa miaka mingi ijayo watoto wa shule yako watafundishwa ua la boga mbele ya kitu kilichosinyaa, na watakiita hivyo kwenye mtihani: kitu kilichosinyaa. Ugumu wa pili ni nyuki wenyewe. Shule inayojali hupuliza dawa ya wadudu uani, asubuhi, kabla watoto hawajafika. Mbu wanakufa kiasi, nyuki wanakufa wote.

Kwa hiyo kazi ya nyuki utaifanya wewe, na utaifanya mapema, umande haujakauka. Chuma ua dume lililofunguka leo, chana petali zote, kitabaki kijiti chenye unga. Kipangusie katikati ya ua jike, taratibu, pande zote. Basi. Mpe mtoto afanye linalofuata. Atafanya kwa ulimi umetoka nje kwa umakini, kisha atajipaka unga uliobaki puani ili awe nyuki, na wenzake watapanga foleni. Picha ya hapo usiitume kwenye grupu.

Viboga vikianza kunenepa, utakutana na sheria ambayo haimo kwenye mtaala wala kwenye YouTube. Katika nyumba nyingi za Tanzania na Kenya mtoto hukatazwa kukinyooshea kidole kiboga kichanga, kwa sababu kitaoza. Ukitaka kukionyesha, kunja ngumi. Mtoto mmoja kati ya wale 30 analijua hilo kutoka kwa bibi yake, na siku utakaposema "nionyesheni boga liko wapi", vidole 29 vitanyooka na ngumi moja. Mwalimu wa kisasa atamcheka mwenye ngumi na kumweleza kuwa hiyo ni imani potofu. Wiki ijayo nusu ya viboga vitakuwa vya njano, laini, vinanuka. Mwenye ngumi hatasema kitu. Atakuangalia tu.

Maelezo yapo, na ni vizuri uyajue kabla ya siku hiyo. Kiboga kisichopata chavua hugeuka njano kikaanguka ndani ya siku chache, kinyooshewe kidole au kisinyooshewe. Kilichopata chavua nacho kina adui: nzi wa matunda, anayetoboa ngozi laini na kutaga ndani, funza wakaanza kula kutokea katikati. Na kidole chenyewe hakibaki hewani. Kidole cha mtoto hunyooka, husogea, hugusa, kisha hubonyeza kwa ukucha ili kuona kama ni laini, na jeraha lile dogo ndilo mlango wa kuoza. Bibi hakueleza yote haya kwa sababu alikuwa na wajukuu tisa na shamba moja. Alitoa sheria ya maneno matatu iliyowaweka wote mbali na viboga.

Unaweza kuamua kumtetea bibi, au kumpinga, au kufanya jambo la ajabu zaidi: kuwaachia watoto wapime. Chavusha maua kadhaa kwa mkono, viboga vikishika vifunge nusu yake utepe mwekundu na nusu mweupe, vyote uvifunike kwa mifuko ya karatasi nzi wasifike. Kila asubuhi darasa zima linyooshee kidole vya mwekundu, likunjie ngumi vya mweupe, lakini hakuna kugusa hata kimoja. Baada ya majuma mawili wahesabu vilivyooza. Hilo ni jaribio la kisayansi kamili, lenye kundi la kulinganishia, na limefanywa na watu wasiojua kufunga kamba za viatu. Matokeo wasiyapeleke kwa bibi bila zawadi.

Boga likikua kufikia ukubwa wa ngumi mbili tatu na ngozi ikaanza kukaza, kuna mchezo ambao peke yake unatosha kuhalalisha mada nzima. Kwa ncha ya msumari, mtu mzima akwaruze jina juu ya ngozi, juujuu tu, bila kuzamisha. Yatatoka majimaji, yatakauka, patabaki kovu jeupe lililoinuka. Boga likinenepa, jina linanenepa nalo, herufi zinaachana, na mtoto ambaye hajawahi kuelewa neno "kukua" analiona likitokea kwenye jina. Kuhusu jina la nani litaandikwa, sina ushauri. Boga moja, watoto 30, na mmoja wao ni wa mwenye shule.

Wakikuuliza linaweza kuwa kubwa kiasi gani, waambie kuwa mwaka 2023, mjini Half Moon Bay, California, boga moja lilipimwa likakutwa na kilo 1,247 na kuweka rekodi ya dunia. Watauliza lilikula nini. Wataelekea nyuma ya tangi kuongeza samadi kwa mikono.

Kisha shule itafungwa.

Hili nilitakiwa kulisema mwanzoni, ila mwalimu gani angeanza? Boga linahitaji kati ya miezi mitatu na minne hivi kutoka mbegu hadi kukomaa. Lililopandwa Machi, masika yakianza, hukomaa Juni au Julai, na Juni watoto wako likizo. Mzunguko mzima wa uhai umefundishwa kwa bidii isipokuwa ile sehemu ya kuliwa. Atakayeshuhudia kikonyo kikikauka na kuwa kigumu, atakayejaribu ngozi kwa ukucha na kukuta ukucha haupenyi, ni mlinzi. Naye anajua kulikata na kipande cha kikonyo juu yake, maana boga lililong'olewa kikonyo huanza kuozea hapo. Lingeweza kukaa miezi kadhaa mahali pakavu likisubiri wanafunzi. Halitakaa.

Shule ikifunguliwa, nenda Mabibo alfajiri, nunua boga zuri, liweke pale kwenye majani makavu, panguse vumbi, uite darasa. Shule nyingi zingefaulu kwa hila hii. Wewe umeshaandika jina. Watalizunguka mara mbili, wataligeuza, kisha mmoja atauliza kwa upole limefutwa na nani, na mtoto wa mwenye shule ataanza kulia.

Lipike siku hiyohiyo, ushahidi uishe. Vipande vikubwa na ganda lake, tui jepesi kwanza, iliki, sukari na chumvi kidogo, tui zito likiwa karibu kuiva, kama linavyopikwa kwa futari Ramadhani. Watoto waliojipaka chavua puani watakula na kulamba sahani. Wengine watauliza chipsi ziko wapi.

Kinachobaki ni tathmini. Novemba kutakuwa na mtihani wa mwisho wa mwaka, wa kujibu kwa mdomo, na swali la nane litasema: Taja sehemu nne za mmea wa boga. Mwongozo wa kusahihishia uko wazi: mzizi, shina, jani, ua. Mtoto mmoja, yule wa ngumi, atafikiri kidogo akiangalia dari, halafu ataziorodhesha kwa vidole: mzizi, kigingi, tarumbeta, na mtoto wa jike. Mpe alama moja kati ya nne, na kwenye ripoti, pale penye maoni ya mwalimu, andika: "Aongeze bidii katika sayansi."